Kila Kipande na Jibini Yake

Leo tunaingia jikoni, na jiko ninalotaka kulizungumzia liko Texas, kusini mwa Marekani, katika nyumba za watu ambao wazee wao waliishi pale tangu ardhi ile ilipokuwa sehemu ya Mexico. Nataka tuvitazame vitafunio vyao vya sherehe, vile vinavyookwa katika oveni na kufika mezani vikiwa bado vya moto: nacho, pilipili za jalapeno zilizojazwa jibini, flauta, na bakuli la maharage yaliyookwa kwa jibini juu. Upishi wote huu huitwa Tex-Mex. Ndio unaowekwa mezani Texas siku ya fainali ya mpira wao wa Kimarekani mwezi wa Februari, kijana anapohitimu shule, binti anapotimiza miaka kumi na mitano, na usiku wa mkesha wa Krismasi. Ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Houston na Dallas, na si wachache, wanaufahamu kwa sababu majirani na wenzao wa kazini huupika.

Nina jambo moja la kulitetea leo. Chakula hiki huharibika mpishi anapokifanya rundo, na huwa kizuri mno anapokitengeneza kipande kimoja kimoja.

Wengi wetu tulikutana na nacho mahali pasipofaa. Tulikutana nayo kwenye ukumbi wa sinema au kwenye mgahawa wa haraka: chombo cha plastiki, vipande vya mahindi vilivyopoa, na juu yake mchuzi mzito wa manjano uliomiminwa kutoka kwenye mashine. Mchuzi ule una historia. Mwaka 1976 mfanyabiashara wa San Antonio aitwaye Frank Liberto aliupeleka kwenye uwanja wa besiboli wa Arlington, huko huko Texas, nyumbani kwa timu ya Texas Rangers. Tatizo alilokuwa nalo lilikuwa la kweli. Watu ni maelfu, foleni ni ndefu, mchezo unaendelea. Nani atamwokea kila mmoja jibini yake? Akaja na mchuzi wa jibini usiohitaji oveni. Ile ilikuwa kazi ya uwanjani na ilifanywa kwa akili. Lakini nyumbani kwako hakuna foleni ya maelfu. Kuna wageni kumi au ishirini unaowajua kwa majina, na kuna oveni. Hapo hakuna sababu ya kumwaga mchuzi.

Kabla ya kuwasha oveni, tuwajue wenye chakula. Texas ilikuwa chini ya Hispania, kisha ikawa ya Mexico, hadi walowezi waliotoka mashariki walipoasi na kutangaza nchi yao mwaka 1836. Mwaka 1845 ikaingizwa Marekani, na vita vilivyofuata viliishia kwa mkataba wa mwaka 1848 ulioufanya mto Rio Grande kuwa mpaka. Familia zilizokuwa zikilima na kufuga kaskazini ya mto ule zikajikuta katika nchi nyingine bila kuhama nyumba. Wakaendelea kupika walivyozoea. Upishi wao ulikuwa wa kaskazini mwa Mexico, nchi ya ng'ombe na ngano: nyama ya ng'ombe kwa wingi, tortila, yaani mikate myembamba kama chapati, za unga wa ngano pamoja na za mahindi, maharage ya madoadoa yaitwayo pinto. Kisha wakaupokea ujirani mpya. Jibini ya manjano ya Wamarekani ikaingia. Bizari nyembamba, ambayo sisi watu wa pilau tunaijua sana, ikashika nafasi kubwa Texas kuliko ilivyowahi kushika Mexico. Wengi huamini ilitiwa mkazo na familia zilizofika San Antonio mwaka 1731 kutoka Visiwa vya Kanari. Miaka ya 1890 mhamiaji wa Kijerumani, William Gebhardt, katika mji wa New Braunfels, akaanza kusaga pilipili kavu pamoja na viungo na kuuza unga wake chupani, ndipo kila nyumba ikapata ladha ile mwaka mzima.

Na walikuwako wanawake wa San Antonio. Kwa miongo kadhaa, jua likizama, walifika kwenye viwanja vya katikati ya mji na meza, taa na masufuria, wakauza nyama iliyochemshwa kwa pilipili, maharage na tamale, yale madonge ya mahindi yanayofungwa katika maganda na kupikwa kwa mvuke. Askari, wachunga ng'ombe, mawakili na wageni wa treni walikula meza moja. Watu wa mji waliwaita malkia wa chili. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 kanuni za afya za jiji ziliwabana hadi wakatoweka viwanjani. Ladha waliyoizoesha jiji haikutoweka. Ilihamia migahawani na majumbani.

Mwaka 1972 Diana Kennedy, Mwingereza aliyeishi Mexico na kuusoma upishi wa nchi ile mkoa kwa mkoa, alitoa kitabu chake The Cuisines of Mexico. Kazi yake ilikuwa kubwa na ninaiheshimu. Ila kitabu kile kilichora mstari mkali kati ya chakula cha ndani ya Mexico na zile sahani za mchanganyiko za Texas, na tangu hapo wengi wakautazama upishi wa Texas kama kitu bandia. Siafiki. Watu walioishi mahali pamoja kwa karne mbili na zaidi, wakapika kwa vilivyopo, wakalisha watoto na wageni wao, hao wana upishi wao. Haulazimiki kuomba ruhusa Mexico City.

Sasa tuje kwenye nacho, kwa sababu hapo ndipo ninapoujenga utetezi wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati wa vita kuu ya pili, katika mji wa Piedras Negras upande wa Mexico, ng'ambo ya mto kutoka Eagle Pass ya Texas, palikuwa na mgahawa uitwao Victory Club. Mkuu wa wahudumu alikuwa Ignacio Anaya, ambaye marafiki walimwita Nacho, kama ilivyo desturi kwa kila Ignacio kule. Husimuliwa kwamba siku moja kundi la wanawake, wake wa askari wa Kimarekani, lilivuka mto likafika mgahawani wakati mpishi hayupo. Anaya hakuwarudisha. Aliingia jikoni mwenyewe, akachukua tortila zilizokwisha kukaangwa zikakauka, zilizokatwa vipande vinne vinne, akaweka jibini iliyokwaruzwa juu ya kila kipande, akaipitisha kwenye moto hadi ikayeyuka, kisha akaweka juu pilipili ya jalapeno iliyotiwa siki. Wageni walipouliza chakula kile kinaitwaje, kikapewa jina lake. Mwaka 1954 maelekezo yake yalichapwa katika kitabu cha mapishi cha kanisa moja la Eagle Pass. Anaya alifungua mgahawa wake mwenyewe, akafariki mwaka 1975 bila kuwahi kupata hakimiliki yoyote ya sahani inayouzwa leo duniani kote. Mji wa Piedras Negras humkumbuka kwa tamasha la nacho kila mwezi Oktoba.

Zingatia alivyofanya. Vitu vitatu: tortila, jibini, pilipili. Kila kipande kikapata jibini yake na pilipili yake. Hakuna kipande kilichobaki kikavu chini ya sahani, hakuna kilicholowana katikati. Mgeni anainua kimoja kwa vidole viwili, anakila kwa kuuma mara mbili, na mkono unabaki safi wa kumsalimia mwingine. Mama wa pwani akunjaye sambusa za futari, moja baada ya moja, kila moja na nyama yake na kingo zilizofungwa, ataelewa mara moja ninachosema. Hakuna anayemwaga nyama juu ya manda zilizorundikwa akaiita sambusa.

Haya, tuoke. Kwa wageni kumi chukua tortila kumi za mahindi, zile ndogo zenye upana wa sentimita 15 hivi. Za jana ni bora kuliko za leo kwa sababu zimepoteza unyevu. Kata kila moja vipande vinne. Una vipande 40. Anaya alitumia zilizokaangwa, na mwenye nafasi ya kukaanga akaange. Mimi kwa sherehe ya nyumbani napendelea oveni, maana mwenyeji anayesimama kwenye karai la mafuta wageni wakiwa sebuleni hawaoni wageni wake. Paka kila kipande mafuta kidogo pande zote mbili, kwa brashi au kwa kiganja, nyunyiza chumvi, panga kwenye trei bila kupandana. Oveni iwe nyuzijoto 180. Vioke kwa dakika kumi hadi kumi na mbili, uvigeuze katikati ya safari. Vitoe vikiwa vimeanza kugeuka rangi kingoni huku katikati bado vikinesa kidogo, vitakauka vikipoa. Ukivingoja viwe vikavu kabisa ndani ya oveni, vitaungua kwenye mzunguko wa pili, ule wa jibini.

Hapa nisimame kidogo kwenye tortila yenyewe, kwa kuwa msikilizaji wa Afrika Mashariki atashawishika kuitengeneza kwa unga wa ugali. Usijaribu. Mahindi ni yale yale, maana yalitoka huko huko Mexico kabla ya kufika kwetu, lakini unga ni tofauti. Wenyeji wa Mexico tangu zama za kale huchemsha punje za mahindi katika maji ya chokaa, huziacha usiku kucha, huziosha, ndipo huzisaga zikiwa bado na unyevu. Chokaa hulegeza ganda na kubadili wanga wa mahindi hata donge lishikane na kukunjika bila kupasuka. Hufanya na zaidi: huiachia mwilini vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yaliposambazwa duniani bila ujuzi huo, watu maskini waliokula mahindi karibu peke yake waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili. Uliwatesa wakulima wa kaskazini ya Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliwatesa watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani kwenyewe. Kwa hiyo ile tortila nyembamba unayoioka imebeba elimu kubwa ya wanawake wa Mexico, na unga wa sembe hauwezi kuiiga. Nunua tortila za mahindi zilizo tayari, au nunua unga uitwao masa. Ukikosa vyote viwili, tumia tortila za ngano, au chapati nyembamba iliyopikwa bila mafuta mengi. Hiyo si hila. Texas na kaskazini mwa Mexico wanakula ngano kwa fahari.

Maharage. Anaya hakuyaweka, ila nyumba nyingi za Texas huyaweka, nami nakubaliana nazo kwa sharti moja: yawe tabaka jembamba. Chemsha maharage ya pinto hadi yalainike kabisa. Kaanga kitunguu na kitunguu saumu kwa mafuta, tia maharage na supu yake kidogo, tia bizari nyembamba iliyosagwa, yaponde huku yakikauka hadi kijiko kikipita chini ya sufuria kiache njia inayokaa kwa muda. Yakiwa mepesi kama mchuzi yatalowesha tortila. Yakiwa mazito, yanakuwa gundi inayoishika jibini na kuzuia mafuta yake yasipenye. Kijiko kidogo cha chai kwa kila kipande, ukitandaze hadi karibu na ukingo.

Kisha jibini, na hapa sitalegeza. Nunua jibini nzima uikwaruze mwenyewe. Ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa tayari hupakwa wanga au nyuzi za mimea ili isishikane ndani ya mfuko, na unga huo huo huifanya iyeyuke kwa mabonge. Watu wa Texas huchanganya cheda na Monterey Jack, jibini nyeupe laini iliyoanzia California, nao wana sababu. Jibini changa hushika maji na mafuta yake pamoja inapopata moto, hivyo hutiririka vizuri. Jibini iliyokomaa sana ina ladha kali lakini hutengana. Utaona mafuta yanaelea na kilichobaki kimekuwa kigumu. Nusu kwa nusu inakupa ladha na ulaini. Ukiwa Nairobi au Arusha, gauda changa itafanya kazi ya Monterey Jack vizuri sana. Gramu 300 zinatosha vipande 40. Weka kibonge kidogo katikati ya kila kipande, si hadi ukingoni, maana ikiyeyuka itajitandaza yenyewe.

Juu kabisa weka duara moja la jalapeno ya siki. Moja. Siki yake ndiyo inayokata mafuta ya jibini na kuufanya mdomo utake kipande cha pili. Ni rahisi kuitengeneza nyumbani: chemsha siki na maji kwa kiasi sawa, tia chumvi, sukari kidogo na punje ya kitunguu saumu, mimina juu ya pilipili zilizokatwa mviringo, ziache zipoe humo. Siku ya pili zitakuwa nzuri zaidi.

Pandisha oveni hadi nyuzijoto 200 na uingize trei kwa dakika tano, sita kwa wingi. Usiondoke. Jibini ikishayeyuka yote na kuanza kutoa mapovu kingoni, itoe. Dakika mbili zaidi na umepata kitu cha kahawia kinachonata kwenye meno. Uzuri wa nacho hupita upesi, na kwa hiyo kanuni ya mwenyeji mzuri ni kuoka trei ndogo ndogo. Andaa kila kitu mchana, panga trei wageni wakikaribia, kisha oka moja wanapofika, ya pili wanapoimaliza ya kwanza. Ila maharage yasikae juu ya tortila zaidi ya saa moja kabla ya kuokwa.

Kitafunio cha pili ninachokipenda ni jalapeno zilizojazwa. Hiki nacho huuzwa madukani kikiwa kimegandishwa na kuvikwa chenga za mkate tayari kwa kukaangwa, na wengi hawajui kwamba kikiokwa nyumbani ni kitu kingine kabisa. Kwanza tuiondoe hofu. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili, nayo bado inatumia jina lake. Jalapeno hupata kati ya 2,500 na 8,000 kwenye kipimo hicho. Pilipili kichaa ya kwetu hufika makumi ya maelfu. Aliyelelewa kwa pilipili kichaa haogopi jalapeno. Pamoja na hivyo, vaa glovu. Ukali ule huyeyuka katika mafuta, maji hayauondoi kwenye vidole, na saa mbili baadaye ukigusa jicho utajuta. Ukikuunguza mdomoni, kunywa maziwa au mtindi. Maji yatausambaza tu.

Pasua kila pilipili katikati kwa urefu, uache kikonyo chake, kwani ndicho kitakachokuwa mpini wa mgeni. Kwa kijiko kidogo kwangua ile nyama nyeupe ya ndani pamoja na mbegu. Watu hudhani mbegu ndizo kali. Ukali umo katika ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Mbegu zimepakwa tu kwa kuigusa. Mpishi mwenye busara huacha uzi mwembamba wa weupe ule katika nusu ya pilipili, na nyingine huzisafisha kabisa, akazitenga kwenye trei mbili na kuwaambia wageni ipi ni ipi. Wageni wazee na watoto watakushukuru.

Ndani jaza jibini laini ya kupaka iliyochanganywa na cheda iliyokwaruzwa, majani mabichi ya kitunguu yaliyokatwa kidogo kidogo, kitunguu saumu, bizari nyembamba na maji ya ndimu. Usitie chumvi kabla ya kuonja, jibini inayo. Jaza hadi iwe sawa na ukingo, isipande juu, la sivyo itamwagika na kuungua kwenye trei. Texas huzifunga kwa ukanda wa nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nyumba ya Kiislamu itumie ukanda wa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, au nyama ya bata mzinga, au iache kabisa na kunyunyiza chenga za mkate zilizopakwa siagi. Nimezila kwa namna zote na za chenga za mkate hazina upungufu wowote. Nyuzijoto 200, dakika 20 hadi 25, hadi ngozi ya pilipili ikunjamane na kupata madoa meusi machache. Waache wageni wangoje dakika tano, kwa sababu jibini ya ndani inashika moto kuliko chai.

Msikilizaji wa Mombasa au Bujumbura asiyepata jalapeno asiweke pilipili kichaa mahali pake; haina nafasi ya kujazwa na ukali wake utafunika kila kitu. Chukua pilipili hoho ndogo, zile changa, na ukate pilipili kali kidogo uitie ndani ya mchanganyiko wa jibini. Utakuwa umepata umbo na ladha, na kiasi cha ukali utakuwa nacho mkononi.

Wapo pia wanaochukua jalapeno nzima iliyojazwa jibini wakaifunika kwa nyama ya kusaga yenye viungo, ikafanana na yai kubwa, na kuioka hadi nyama iive. Texas huliita yai la armadilo, mnyama mdogo anayefanana na kakakuona na aliye moja ya alama za jimbo lao. Ni chakula kizito. Kama watu watakula mlo mwingine baadaye, usikiweke.

Flauta nitazipitia haraka. Nyama ya kuku iliyochemshwa na kuchambuliwa, pamoja na kitunguu, nyanya kidogo na unga wa pilipili, huviringishwa ndani ya tortila kama mkeka mdogo. Siri ni kuzipasha tortila kwanza, kwa kuzifunga katika kitambaa chenye unyevu na kuziweka penye joto, ili zisipasuke. Kisha kuzipanga zikiwa zimelalia mwisho wa mkunjo, kuzipaka mafuta na kuzioka kwa nyuzijoto 210 dakika 15 hadi ziwe ngumu. Zikate katikati kwa mshazari. Ukiwa na mabaki ya maharage yale ya nacho, yatandaze kwenye bakuli la udongo, funika kwa jibini na vipande vya nyanya, oka hadi yachemke pembeni. Wageni watachovya flauta humo.

Karibu na hivi vyote weka vitu viwili vya baridi. Parachichi lililopondwa kwa ndimu, chumvi, kitunguu na giligilani, lifanyike dakika za mwisho kwa sababu hewa hulifanya jeusi. Na kachumbari ya nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, giligilani na ndimu, ambayo Mmexico ataitambua na Mswahili ataitambua, bila yeyote kumfundisha mwenzake. Nyanya, pilipili na parachichi navyo vilivuka bahari kuja Afrika kutoka upande ule. Visipakwe juu ya nacho kabla hazijaokwa, na visimwagwe juu yake zikishaokwa. Vikae bakulini, na kila mgeni ajichotee.

Kuna ushauri mmoja wa afya ambao mwenyeji hapaswi kuupuuza. Nyama, maharage na jibini iliyookwa visikae mezani zaidi ya saa mbili, na mahali pa joto kali iwe saa moja. Hii nayo ni sababu nyingine ya kuoka trei ndogo na kuzileta zikifuatana, badala ya kuandaa sinia kubwa linalopoa jioni nzima.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu: kupanga vipande 40 kimoja kimoja ni kazi, na rundo ni dakika mbili. Ni kweli ni kazi. Ila ni kazi ya kukaa, ya mikono, inayofanywa na watu wawili watatu mezani wakizungumza. Mtoto wa miaka sita anaweza kuweka duara la pilipili juu ya jibini. Huko Texas familia hukusanyika siku nzima kabla ya Krismasi kufunga tamale, kila mtu na hatua yake, nao huihesabu siku ile kuwa sehemu ya sikukuu. Rundo halina nafasi ya mtu wa pili. Na likifika mezani, wa kwanza anachukua jibini yote na wa mwisho anabakiwa na makombo makavu. Katika trei ya Anaya, mgeni wa mwisho anakula sawasawa na wa kwanza. Kwa upande wangu hiyo inatosha kulimaliza shauri.

Basi, msikilizaji, usingoje sherehe. Wiki hii nunua tortila kumi, kipande cha jibini na pilipili chache. Oka trei moja, ule na watu wa nyumbani mwako, uijue tabia ya oveni yako, kisha ndipo uwaite wageni.